Skuta Ndani ya Mfuko wa Saruji

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata skuta ya umeme! Jana nilimpa muuza vyuma chakavu redio yangu na koti langu la baridi, naye akanipa skuta. Ina taa. Ina kengele. Breki haina, lakini alisema mtu mwenye haraka zake haihitaji.

Sababu ni hii. Kutoka stesheni ya mjini hadi kwenye jengo tunalojenga ni mwendo mrefu, wote mlima. Juzi nyapara alitangaza kwamba fundi wa vigae anataka msaidizi. Kazi ya ndani, kivulini, unakaa juu ya kigodoro unampa fundi vigae. Atakayekosa atapandisha mchanga ghorofani, maana winchi imekufa. Tumebaki wawili wa kuchaguliwa, mimi na Kobe. Anayewahi getini wiki hii ndiye atakayepewa. Magoti yangu yalisikia neno kigodoro yakataka kulia.

Kobe ni mwenzangu wa chumba. Tunamwita hivyo kwa mwendo wake. Anaamka jogoo hajajinyoosha, anapanda treni ya kwanza, kisha anajikokota mpaka kazini. Mimi usingizi wa alfajiri siuachi. Huku ugenini usingizi ndio kwetu. Nikifumba macho namwona mke wangu na kuku wake.

Mke nimeshampigia. Nimemwambia kazi ya vigae nimepata. Bado, lakini imebaki kidogo. Alifurahi mpaka akampa simu mama mkwe, naye kwa mara ya kwanza akalitaja jina langu bila kuguna.

Sasa balaa. Asubuhi dada mlinzi wa stesheni ya hapa mtaani alinizuia. Akanionyesha tangazo ukutani: picha ya skuta imepigwa mstari mwekundu. Akasema betri za vitu hivi zikikasirika zinawaka moto, na ndani ya treni utakimbilia wapi? Nikamwambia yangu ni pole. Akasema hata jirani yake anasema mbwa wake ni mpole. Treni ikaondoka tukibishana. Skuta nikairudisha chumbani. Nilipofika kazini Kobe alikuwa ameshamaliza chai.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimelisoma tangazo vizuri. Shule niliishia katikati, lakini picha nazisoma. Chini kabisa kuna kiti cha magurudumu, kimewekwa alama ya kijani. Wagonjwa ruhusa! Nikaanza kuchechemea tangu kwa muuza magazeti.

Nikamwambia dada mlinzi kwamba mguu umekufa ganzi, na skuta ndiyo mguu wangu. Akaniita kaka yangu maskini. Skuta akaifungia stoo, akaniletea kiti cha magurudumu cha stesheni! Nikasukumwa mpaka ndani. Abiria wakanipisha. Mama mmoja akaniombea dua kwa sauti, behewa zima likaitikia amina. Nikaitikia na mimi. Ningefanyaje?

Kumbe mgonjwa hushushwa wa mwisho. Tena ikabidi tumsubiri mwenye ufunguo wa mlango wa wagonjwa, na mwenye ufunguo alikuwa msalani. Nilipopata upenyo niliruka kitini nikakimbia mlima wote. Nyapara aliniuliza kama nimechelewa ya leo au nimewahi ya kesho.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda stoo kuchukua skuta, nachechemea kama kawaida. Dada mlinzi akaniangalia miguu. Akasema, wee kaka, jana si ulikuwa mguu wa kulia? Nikasema ugonjwa wenyewe unatembea. Akasema basi huo ugonjwa una afya kuliko wewe. Skuta akanirudishia na onyo juu yake: akiiona tena getini ataiweka mpaka iote mvi. Nikairudisha chumbani. Nikachelewa. Kobe wa kwanza tena.

Jioni Kobe alinionea huruma. Akasema, ndugu yangu, niache nikuamshe, tupande treni ya kwanza pamoja, polepole ndio mwendo. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na watu wasio na skuta. Alicheka, akajifunika shuka. Halafu kuna watu wanamwita mtu huyu mwerevu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Skuta ikikunjwa inaingia kwenye mfuko wa saruji. Nani anamkagua kibarua mwenye mfuko begani? Watu wanachofanya ni kukwepa vumbi tu. Dada mlinzi peke yake ndiye aliyenisimamisha, akauliza mbona saruji yangu inalia kengele. Nikasema ni vyombo vya ujenzi, mwiko umegonga timazi. Akaanza kuupapasa mfuko, lakini watu wa nyuma wakaja juu, jamani treni inatuacha, mpisheni mtu na saruji yake! Akaniachia.

Mlima niliupanda nimesimama wima kama sanamu ya shujaa. Nilimpita Kobe katikati ya njia. Nikampigia kengele. Getini nilisimamishwa na lundo la mchanga, kwa sababu ya ile habari ya breki, lakini nilikuwa wa kwanza! Kobe alinikuta nimekalia kigodoro, nakijaribu. Kinabonyea vizuri.

Nyapara akasema kumbe bado kuna mashindano. Basi kesho ndiyo mwisho, atakayetangulia kesho kazi ni yake.

Sitaki kubahatisha. Tatizo ni kengele, na mfuko una pembepembe. Nimezoa saruji iliyomwagika sakafuni kazini, nimeijaza ndani ya mfuko kuizunguka skuta. Sasa mfuko umenona. Hata mimi mwenyewe naamini ni saruji. Mama mwenye nyumba akafoka kwamba hataki vumbi chumbani, nikauweka nje ukutani, chini ya bomba la paa. Kobe akauliza, hapo? Nikamwambia ashughulike na yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua.

Saruji, maji, na usiku kucha. Mimi, mtu wa zege tangu sijaota ndevu! Mimi ninayewafokea wenzangu wafunike mifuko!

Nilichana karatasi. Skuta imo ndani ya jiwe. Upande mmoja wa usukani umechomoza kama pembe ya mbuzi aliyezama kwenye matope. Kobe alikuwa ameshaondoka. Nikaona nikiipigapiga huko mbele itaachia, nikajitwika hivyo hivyo.

Dada mlinzi akauliza, na leo umebeba nini? Nikasema zege. Akaligonga kwa ngumi. Akazunguka upande wa pili, akagonga tena. Akasema kweli hili ni zege, na tangazo halikatazi zege. Pita kaka, na pole na miguu yako yote miwili.

Wiki nzima natafuta njia ya kuipitisha. Imepita!

Niliposhuka stesheni ya mjini nililipiga zege kwa jiwe. Jiwe likapasuka. Kampuni yetu hainunui saruji mbovu, hilo nalishuhudia. Nikalibeba begani mlima wote, napumzika kila penye mti, na miti yenyewe michache. Nilipofika, Kobe yuko kivulini juu ya kigodoro, nyusi zimejaa vumbi la vigae. Aliinuka kunipokea mzigo. Nikakataa. Mtu ana heshima yake.

Nyapara alijaribu kuuinua mzigo, akauacha. Akauliza nimetoka nao wapi. Nikasema stesheni. Akaita kila mtu aje aone. Akasema tangu aanze kazi hii hajaona mgongo kama huu, na kumbe alibakiza kidogo tu aufiche kwenye vigae! Kuanzia kesho mchanga ni wangu, mpaka ghorofa ya juu kabisa. Nikauliza, na mimi sipati msaidizi? Akasema msaidizi ataniletea aibu.

Jumapili, 9 Machi

Jana mke alipiga simu niko ngazini na ndoo ya mchanga. Akauliza, baba watoto, vigae gani hivyo vinakufanya upumue kama ng'ombe wa plau? Nikamwambia nimepandishwa. Niko juu kabisa ya jengo. Nikasikia vigelegele, kisha akaniambia mama mkwe anataka picha yangu nikiwa kazini. Kobe aliniazima kigodoro, tena picha akanipiga yeye mwenyewe. Baadaye ikabidi aniinue, magoti yaligoma. Akanikung'uta mchanga mgongoni. Ningependa aseme kitu, nimjibu.

Leo sina kazi, nimewaza. Mpango wangu haukuwa na kosa. Kosa ni la mvua. Na fundi wa umeme anatafuta msaidizi wa ndani. Nyapara amesema nikiwahi wiki yote atanifikiria. Kobe akasema tena kwamba ataniamsha. Nimemwambia aniache, nina njia.

Nimekwenda kulitazama upya lile tangazo. Skuta ina mstari. Baiskeli ina mstari. Sasa, muuza vyuma chakavu ana gurudumu moja la umeme, unasimama juu yake, linakwenda. Halimo kwenye picha! Nimempa lile zege langu, analitaka la kushikizia turubai lake, nikamwongezea viatu vyangu vya kazi. Mwenye gurudumu viatu vya nini? Breki halina, lakini hayo tulishayazungumza.

Limefungwa ndani ya mfuko, saruji nimeijaza vizuri, liko nje ukutani. Mawingu yapo, lakini sioni kama yana nia.