Vita vya Jelle kwa Ajili ya Pua ya Fatumo

Sogeeni, enyi mlio karibu na mlio mbali! Mwenye kutafuna na ameze, mwenye kusinzia na afinywe, kwani leo yanasimuliwa makuu yaliyotendeka Garissa, siku Jelle mwana wa Dagane, mshika pembe za fahali, kinywa kisichoshindwa katika soko la mifugo, alipokunja kikoi chake hadi magotini akaingia vitani na zulia la sebuleni mwake.

Chanzo cha vita kilikuwa pua. Wala haikuwa pua ya hivi hivi, bali pua ya Fatumo mkewe, ambayo kwa miezi mingi haikujua amani: alfajiri chafya, adhuhuri chafya, na usiku kifua kikipiga mluzi hata Jelle mwenyewe, ambaye hulala fofofo fahali wakipigana chini ya dirisha, akakosa usingizi. Daktari wa zahanati alikwisha kutoa hukumu. Adui ni vumbi, lililojichimbia katika zulia, mito na mapazia. Tena kitu chochote chenye kufuka moshi kisiingie ndani. Fatumo alimweleza mumewe hayo yote. Jelle aliisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimkuta anajibu simu ya mnunuzi wa mbuzi.

Asubuhi hiyo Fatumo alishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akasimama mlangoni na kunena:

"Jelle, nisikilize, wallahi sisemi mara mbili. Nyumba hii naipenda, na wewe nakupenda, hasa ukinyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kuvuta hewa. Nikipiga chafya leo jioni tukinywa chai, kesho napanda basi la Wajir, nakwenda kwa hooyo, mama yangu, na sirudi mpaka pua yangu iseme turudi."

Jelle aliogopa. Alimpenda sana mwanamke huyu, na chai ya kujipikia mwenyewe alikwisha kuionja.

"Fatumo!" akanguruma. "Mimi niliyemwangusha fahali wa Mandera sokoni, watu wote wakitazama, nishindwe na kitu kisicho hata na mkia? Kaa nje. Leo vumbi litahama Garissa!"

Akatwaa ufagio mkavu, akashambulia kwa fujo zote. Ole wake! Jeshi la vumbi likainuka kutoka katika zulia jekundu, likatanda hadi darini, likamtoa shujaa nje mbio huku macho yakimchuruzika. Naye Fatumo, uani, akapiga chafya iliyowatawanya mbuzi.

"Waryaa, wewe mwanamume, unalisumbua tu!" akapaza sauti. "Chukua kitambaa cha maji!"

Basi shujaa akajipanga upya. Akaliburuta zulia hadi kwenye ua, akalitundika, akalicharaza kwa bakora yake ya sokoni. Abdow, jirani aliyekuwa akipita, akasimama kumtazama.

"Jelle, hilo zulia limekukosea nini? Lisamehe, walaal, ndugu yangu, lina watoto!"

Jelle akazidisha bakora. Aliyang'oa mapazia mazito yenye mashada, akayazamisha katika maji ya moto. Shuka zikafuata. Magodoro na mito ikaanikwa juani, lile jua la Garissa lisilo na huruma, ambalo siku hiyo lilipigana upande wake. Kisha mtu mzima akapiga magoti, akafuta sakafu kwa kitambaa kilicholowa, kona kwa kona, akitukana kimoyomoyo.

Alasiri nyumba iling'aa. Hapo ndipo shujaa alipokosea, kosa ambalo mtu wa kwao angelitenda akiwa na furaha: aliona nyumba safi isiyonukia haijakamilika. Akatwaa chetezo cha mama yake, Bi Ramlo, akatia makaa, na juu ya makaa akamwaga uunsi, ubani uliopikwa kwa sukari na manukato, fahari ya mikono ya mama huyo. Moshi ukajaa sebule. Bi Ramlo, aliyekuja kuketi pembeni, akatabasamu kwa kuridhika.

Fatumo akaingia na chupa ya chai. Akasita mlangoni. Akapiga chafya, tena, na tena.

"Chai haijamiminwa!" Jelle akapiga kelele. "Hiyo haihesabiki!"

"Moshi, Jelle," Fatumo akasema kwa shida, akiegemea ukuta. "Daktari alisema moshi. Nilikwambia, nawe simu iko sikioni."

Jelle akakitazama chetezo, akamtazama mama yake. Fahali alikwisha kuwaangusha, lakini huyu ndiye aliyemzaa. Akakinyanyua.

"Unakwenda wapi na hicho?" Bi Ramlo akauliza. "Uunsi huu ulifukiza harusi yako. Leo unatolewa nje kama majivu?"

Kile kinywa kisichoshindwa kikashusha sauti. Jelle akasema, "Hooyo, uunsi wako hauna mfano. Lakini Fatumo akienda Wajir, utamfukizia nani?"

Bi Ramlo alimtazama mkwewe, akausikiliza ule mluzi wa kifua. Akainuka.

"Lete hapa," akasema. "Wewe utakiangusha."

Akakibeba mwenyewe hadi karibu na zizi, akatandaza shela zake juu ya moshi, akaketi huko na mbuzi. Jelle akafungua madirisha yote, nao wakangoja hadi harufu yote ikaisha.

Ndipo chai ikamiminwa. Fatumo akanywa. Pua ikacheza. Jelle akashika kikoi kwa mikono miwili, na kule zizini Bi Ramlo akanyoosha shingo. Pua ikatulia. Fatumo akanywa hadi majani ya chini, akavuta pumzi ndefu isiyo na mluzi.

"Niongeze," akasema.

Kisha akapitisha kidole juu ya kabati, akakigeuza kikiwa cheusi kwa vumbi, akamwonyesha mumewe. Jelle akapanda kiti na kitambaa chake cha maji, akafuta, akalirudisha sanduku mahali pake.

Basi na itangazwe kutoka Kotile hadi Mandera, wafalme wote wasikie na waone haya: jioni ile, Garissa, Fatumo alikunywa vikombe viwili bila chafya. Na kesho yake mbuzi wa Jelle waliingia sokoni wakinukia kama maharusi.