Wimbo Nilioutunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Leo nimepata mahadhi. Sijayatunga, nimeyapata. Lakini hilo libaki baina yangu na daftari hili.

Bwana Ishida, meneja katika ile kampuni ya Kijapani ninakogawa barua, alikuwa akisafisha meza yake. Watu hawa wana fedha mpaka wanatupa vitu vizima. Kanipa kaseti. Kwenye picha mwanamke amekaa kando ya bwawa la kuogelea, gari jeupe nyuma yake. Bwana Ishida akanieleza taratibu kwamba bibi huyu maneno anaandika mwenyewe, mahadhi anatia mwenyewe, kinanda anapiga mwenyewe, na kuimba anaimba mwenyewe. Kwao siku hizi ndivyo. Nikamuuliza kama hana jamaa wa kumsaidia.

Nimeisikiliza kwenye treni kutoka katikati ya London mpaka nyumbani Southall. Wimbo wa tatu, upande wa pili, nimeurudisha mara nne. Sikufahamu hata neno moja.

Jumanne, 4 Oktoba

Mambo yalivyo ni haya. Jumapili ni harusi ya binti wa Bi Sheikha, na kikundi chetu cha taarabu ndicho kitakachopiga. Bi Ummukulthum atakuwepo. Ni mjane, mpole, msikivu. Miaka minne sasa nasimama naye asubuhi kituoni, nampa habari zangu mpaka basi lake la Acton, namba 207, lifike. Mwezi uliopita nilipeleka posa. Kasema jibu atalitoa baada ya harusi.

Mbarouk, mpiga udi wetu, naye kapeleka posa. Naye atajibiwa baada ya harusi hiyo hiyo. Mbarouk! Kwao walikuwa wakija dukani kwa baba yangu, Darajani kule Unguja, wakigusa vitambaa vyote na kununua kitambaa cha leso. Hayo kabla hatujatua huku na masanduku yetu sita.

Mbarouk atapiga zile za zamani, zenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Shida ya mahadhi ya filamu ni kwamba kila mtu filamu ameiona. Mimi nitaimba wimbo wangu, maneno yangu, mahadhi yangu, peke yangu na kinanda. Tokyo ni mbali.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimemaliza maneno. Beti tatu za kumsifu mtu asiyetajwa jina. Jina nimelitaja mara mbili.

Kwa tahadhari nimemuuliza Bwana Ishida kama wimbo ule unajulikana. Kasema Tokyo unapigwa kwenye teksi, madukani, kila mahali, na hapa London wake za Wajapani kule Acton wanausikiliza mpaka kaseti zinakatika. Nikamuuliza, na Unguja je? Kafikiri, kasema hadhani. Nimeridhika.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mazoezi chumbani. Bharti, mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Kisumu, ana duka la sari hapa chini. Kapanda ngazi kuuliza huo wimbo ni wa nani. Nikasema wangu. Kasema ananijua tangu mwaka sabini na mbili, na hajaniona nikimaliza hata kupaka rangi dirisha. Nikamwambia mcheza kwao hutunzwa. Kasema basi nende nikacheze kwetu, wateja wake wanaondoka.

Mbarouk naye kapita, kasikiliza mlangoni, kauliza mahadhi nimeyatoa wapi. Nikasema kichwani. Akakitazama kichwa changu kwa muda. Ni wivu tu.

Jumapili, 9 Oktoba

Naandika na suti bado mwilini. Sina nguvu ya kuivua.

Ukumbi ulijaa. Mbarouk kapiga zake, watu wakatunza kama kawaida. Ikafika zamu yangu. Ubeti wa kwanza, watu wakageuza viti kunielekea. Kiitikio, nikaona Bi Sheikha ameacha kugawa sambusa.

Ubeti wa pili, sauti ya mwanamke ikaingia. Ni Bi Ummukulthum, kakaa palepale kwenye kiti chake, macho kafumba. Anaimba na mimi. Kwa Kijapani! Neno kwa neno, mpaka ile sehemu ya mwisho ambayo bibi wa kaseti anashusha pumzi. Na pumzi kaishusha.

Nikajua nimekwisha. Mbarouk alikuwa akitabasamu na udi wake.

Basi baadaye, kwenye meza ya sambusa, Bi Ummukulthum kanijia, macho yamemlowa. Hakuwa amekasirika hata chembe. Kasema miaka minne hakuna aliyewahi kutaka kujua anashinda wapi kutwa, na kumbe mimi nimetafuta mpaka nikaupata wimbo wa nyumba ile. Akaniuliza nani aliyenambia.

Hapo nilitakiwa ninyamaze. Nayajua hayo sasa, saa tatu baadaye. Lakini heshima ya msanii ilikuwa imeguswa. Nikaapa sikuambiwa na mtu, wimbo ni wangu, umetoka kichwani.

Akauliza taratibu, sasa yeye kaujulia wapi? Nikasema pengine alipita chini ya dirisha langu wakati wa mazoezi.

Akauliza, kwani mimi nafikiri yeye anafanya kazi gani?

Nikakisia. Nikasema muuguzi.

Akaweka sahani mezani. Kasema mwaka wa nne huu analea watoto wa Kijapani Acton, anapiga pasi na wimbo ule, na mama wa watoto ndiye aliyemfundisha maneno. Kasema kuiba mahadhi si neno, taarabu nzima mahadhi yake ya kuazima. Jibu la posa kasema nitalipata kesho kituoni.

Nilipotoka, Mbarouk alikuwa amekaa karibu yake, anamuuliza kile kiitikio maana yake nini. Mtu hana lake, kazi kuulizauliza tu.

Jumatatu, 10 Oktoba

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na mpango. Kosa limejulikana: sikumuuliza. Dawa yake kuuliza. Nimewahi kituoni na kanzu safi.

Kaja. Kanisalimu. Nikaanza na utangulizi, nikamweleza nilivyoumia jana, nilivyokosa usingizi, ugumu wa kuwa msanii katika nchi ya baridi, na kwamba kuanzia leo mimi ni mtu wa kusikiliza. Hilo la kusikiliza nimemfafanulia kirefu. 207 ilichelewa, alhamdulillahi, nikapata dakika ishirini na tano.

Basi lilipofika, kaweka mguu mmoja ndani, kageuka. Kasema kabla hajanipa jibu, je, nina neno lolote ninalotaka kumuuliza yeye?

Nikasema ndiyo, ninalo, limenikaa rohoni tangu jana.

Nikamuuliza kama sauti yangu ilisikika mpaka viti vya nyuma.

Kasema ilisikika. Nimefurahi sana. Jibu la posa naona basi limemwahi, atanipa kesho.