Kila Mnyama Mita Mraba Moja

Jumapili, 6 Julai 2025

Baada ya ibada, mwenyekiti Mwongeli amesimama nje ya kanisa na kutangaza. Chama cha akina mama kimepata vifaranga mia moja. Watalelewa katika boma moja. Jumamosi chama kizima kitazunguka kukagua mabanda, kisha kichague.

Ndila, mke wangu, amenishika mkono. Hajanishika mkono mbele ya watu tangu siku ya harusi! Miaka kumi na mmoja ndani ya chama hicho, kazi yake ni kubeba viti na kuosha sufuria. Hakuna aliyewahi kumwachia jambo la maana. Hili analitaka.

Mwingine anayelitaka ni Mumbua, mke wa Musembi, jirani. Musembi! Karani mstaafu, mzee wa kanisa. Ana banda la kuku na kibanda cha sungura, kila kimoja kivyake, vyote vimejengwa na fundi wa kukodi kutoka mji wa Wote. Mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Leo ameniambia kwa upole kabisa kwamba fundi, banda lako ni zuri, linafanana na seli ya polisi.

Seli! Banda hilo nimelichomelea mwenyewe, kwa vyuma vilivyobaki nilipotengeneza mageti ya nusu ya mji wetu, Kiboko. Mwewe haingii. Nyegere haingii. Niliishia darasa la saba lakini hesabu naijua. Mita nne kwa tatu, kumi na mbili mraba. Kuku wa Ndila ni tisa pamoja na jogoo. Mita tatu zinakaa bure. Musembi anatumia majengo mawili, kuta nane, milango miwili na kufuli mbili kwa kazi ambayo mimi naweza kuifanya kwa moja.

Sungura watatu. Kila mnyama mita mraba moja. Kyalo, mwanangu, huko Nairobi hana nafasi hiyo.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefika soko la mji wa Salama mapema. Nimenunua kwa Nzau, yule anayepanga sungura kando ya barabara karibu na wauza vitunguu. Dume mmoja, jike mweupe, jike wa kahawia. Nzau akanishauri nisiwachanganye na kuku. Nikamwuliza yeye ana mabanda mangapi. Hana hata moja! Anawauza kutoka kwa kikapu. Nikamlipa kwa heshima.

Ndila amefungua katoni, ameangalia, ameifunga tena. Kisha akasema: Baba Kyalo, kuku wangu mmoja akipotea au akiumia kabla ya Jumamosi, hivi vitu vinalala kwa sufuria. Na nisipochaguliwa kwa sababu yako, usiniongeleshe hadi Krismasi.

Nimekubali. Mimi sikubali jambo kabla ya kupiga hesabu.

Dume nimemwita Injinia. Kuingia tu, amezunguka kuta zote nne, ananusa pembe moja baada ya nyingine kama mtu aliyetumwa na kaunti kukagua ujenzi. Anajua kazi nzuri akiiona.

Jumanne, 8 Julai

Vita asubuhi, amani mchana. Jogoo alipanda mgongo wa sungura wa kahawia. Injinia akamfukuza Matroni. Huyu Matroni ni kuku mkubwa wa kijivu, Ndila alimpa jina la matroni wa bweni la shule aliyosoma. Akageuka, akamdonoa Injinia puani mara moja tu. Sasa kila mtu anajua cheo chake.

Sungura wamemaliza chakula cha kuku. Kuku wamemaliza majani ya sungura. Ndila anasema huo ni wizi. Mimi nasema hiyo ni biashara. (Sungura wanahara kidogo. Watazoea.)

Yule mweupe alilala chini ya fito za kuku. Si mweupe tena. Nimemfungia kipande cha bati juu, kama mwavuli.

Musembi amechungulia juu ya fensi. Lazima ana kigoda upande wake, urefu huo si wake. Ameuliza kama najua kwamba sungura huchimba. Nikamjibu kwamba labda wa kwake. Wa kwangu wana malezi.

Jumatano, 9 Julai

Kuna udongo mpya kwenye pembe, upande wa fensi ya Musembi. Ndila akasema wanachimba. Nikamweleza taratibu kwamba wanalainisha. Na kweli! Kuku wote wamekuja kuoga mavumbi pale, wanajirusha, wanafumba macho kwa raha. Viroboto kwisha. Kuku wa Musembi wanakaa juu ya saruji, nani atawachimbia?

Sakafu yangu ni ya udongo kwa makusudi. Katika miaka thelathini ya kutengeneza mageti sijasikia mwizi aliyepitia chini.

Asubuhi shimo lilikuwa na kina cha kiganja. Jioni nimeingiza mkono wote na sikugusa mwisho. Nimesogeza sanduku la kutagia mbele yake. Halionekani kabisa. Safi.

Alhamisi, 10 Julai

Kashfa! Sungura wa kahawia ana kifua kitupu. Manyoya yamenyonyolewa, ngozi inaonekana. Mshukiwa wa kwanza: jogoo. Ushahidi sina, lakini uso anao. Nimemfungia ndani ya pipa kutwa nzima. Amewika humo ndani hadi Musembi akatuma mtu kuuliza kama tuna msiba.

Jioni nimeyaona yale manyoya. Yako ndani ya sanduku la kutagia, na juu yake ameketi Matroni, amejitanua kama mkeka. Kumbe ni yeye! Ameiba manyoya ya mwenzake atandike kitanda. Nimejaribu kuingiza mkono. Damu imetoka vidole viwili. Sikurudia.

Ndila badala ya kukasirika amefurahi mno. Anasema Matroni amelalia mayai, na kuku anayelalia mayai siku ya ukaguzi ni baraka tupu. Ameimba jikoni. Nimemwambia kwa makisio yangu yako saba.

Jogoo nimemwachilia. Nimemwomba msamaha. Amenipita tu.

Ijumaa, 11 Julai

Musembi amefika getini kwangu na jani la sukuma wiki lenye matundu, amelishika kwa vidole viwili kama barua ya korti. Mistari yake miwili imeliwa. Akasema fundi, mimi simshuku mtu, nataka tu kuona kuku wako.

Karibu! Nikafungua kufuli. Nikashika ukuta kwa mikono miwili, nikautikisa. Haukutingika. Nikamwonyesha kila kiungo. Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akahesabu sita. Nikamwambia kuku hawatulii, ahesabu tena. Akahesabu saba. Wa nane akatokea nyuma ya sanduku, anajikung'uta udongo. Nikamwonyesha Matroni ndani. Tisa. Akakuna kichwa, akaenda zake.

Nilimwambia kabla hajafika mbali kwamba fundi wa kukodi hajengi kwa moyo, akague fensi yake.

Jambo la kufurahisha: kuku wamebakisha chakula chote cha jioni na bado wamejaa. Ndiyo faida ya kukaa na sungura, wanajifunza kutosheka. Nimepaka banda rangi ya kijani. Ndila amepiga leso yake mpya pasi mara mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika haraka kabla hawajaniandikia wengine.

Akina mama ishirini na wawili. Musembi naye, kwa sababu lazima mzee wa kanisa aombe. Mwongeli amemshika kuku mmoja, amempapasa kifua, akashangaa. Mzito! Akamwuliza Ndila anawalisha nini. Ndila aling'ara. Nikaingilia na kueleza mambo ya mita mraba. Mama mmoja nyuma akauliza mbona kuku ni watatu tu kama wako tisa. Nikasema wengine wako nyuma ya sanduku, ni waoga wa wageni.

Kisha Mwongeli akataka kuona mayai.

Ndila akamwinua Matroni. Alidonolewa lakini akamwinua, akitabasamu. Ndani ya manyoya palikuwa na vitu saba. Vyekundu, vipofu, bila nywele, vinajinyonganyonga.

Mumbua akapiga mayowe kwamba kuku wa Ndila ameangua panya. Mama mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Nusu yao wakarudi nyuma hadi kwenye rangi mbichi, na sasa kuna leso sita zenye mistari ya kijani. Matroni akajinasua, akarudi kuketi juu ya watoto wale wa sungura na kutuangalia mmoja mmoja. Na ndipo nikaelewa kifua cha yule wa kahawia. Alijinyonyoa mwenyewe! Nzau aliniuzia jike mwenye mimba na hakusema neno. Watu tisini na tisa kati ya mia wangelalamika. Mimi nahesabu: nilinunua watatu, nimepata kumi.

Nilikuwa nawaeleza hesabu hiyo jogoo wetu alipowika. Aliwika upande wa pili wa fensi.

Wote tukachungulia. Kigoda cha Musembi kipo, nimekiona kwa macho yangu. Katikati ya sukuma wiki: jogoo, kuku watano, na Injinia katikati yao anatafuna kama mgeni rasmi. Ndila akasogeza sanduku. Shimo likaonekana. Mtu angeweza kupitisha ndoo.

Nilitangaza kwa sauti kwamba watatu hapa na sita kule ni tisa, hakuna aliyepotea. Musembi hakucheka. Alifumba macho, akaomba tena, maombi marefu kuliko ya kwanza. Hilo ndilo liliniuma.

Ndila alikuwa amesimama peke yake kando ya banda, ameshika leso yake. Sikuweza kumwangalia.

Wakajadiliana nyuma ya jiko. Uamuzi: vifaranga watalelewa kwa banda la Mumbua, kwa sababu ya saruji. Lakini mlezi atakuwa Ndila. Mwongeli alisema Kiboko nzima hajashika kuku mzito kama wa mama huyu. Mumbua mwenyewe akainua mkono wa kwanza, akasema yeye banda analo lakini kuku wake ni mifupa. Ndila akalia. Wakamkumbatia wote, na rangi yao.

Sasa niulize. Kuku walinenepa kwa nini? Kwa sukuma. Waliifikiaje sukuma? Kwa njia ya Injinia. Injinia aliletwa na nani? Hakuna aliyenishukuru.

Jumapili, 13 Julai

Ndila ananiongelesha. Kidogo. Ameamua kuku wake wahamie kwa Musembi mpaka nimwage saruji. Injinia na yule mweupe pia, kwa muda. Sufuria imesamehewa. Nilimkumbusha sharti lilikuwa kupotea au kuumia, na akakiri kwamba kuku hawakupotea, walitembea.

Matroni alibebwa hadi kwa Mumbua. Kabla ibada haijaisha alikuwa amerudi. Kwa shimo. Basi abaki.

Jioni nimekaa bandani peke yangu. Sungura wa kahawia akaja mbele ya sanduku. Matroni akashuka, akasimama kando. Mama mtu akaingia, akanyonyesha dakika chache, akatoka. Matroni akapanda tena, akajitanua. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Macho yangu yamewasha kidogo. Rangi hii ni kali.

Nilisema wanaweza kuishi pamoja. Nilisema!

Jumatatu, 14 Julai

Mwongeli ametuma ujumbe. Ndila hawezi kuzungukia barabarani kila asubuhi kwenda kwa vifaranga. Kinahitajika kigeti kwenye fensi, kati yetu na Musembi, na chama kinaomba mimi nikichomelee. Musembi amekubali na ametia saini. Nimepima. Kitakaa ubavuni mwa banda langu, kabisa.

Nikiwa pale na futi yangu nimeinua kichwa. Na nikaona kosa.

Kosa halikuwa sakafu. Wote wamekazana na sakafu! Banda lina urefu wa mita mbili. Matroni na watoto wake wanatumia nusu mita ya chini, na sasa hakuna anayelala kwenye fito. Mita moja na nusu mara kumi na mbili, mita za ujazo kumi na nane. Hewa tupu. Imekaa bure tangu nijenge.

Nyuma ya stoo kuna mzinga wa marehemu baba. Wa gogo, mzima, unahitaji waya tu. Nitauning'iniza juu ya Matroni, mdomo uelekee kigeti, nyuki wawe na njia ya wazi kwenda kwa maua ya Musembi. Wakiingia elfu ishirini, kila mmoja bado ana nafasi kubwa kuliko Kyalo. Akina mama watakuwa wanapita hapo asubuhi na jioni. Watazoeana.

Ndila ameuliza ile waya ni ya nini. Nimemwambia ni mapambo.

Musembi yuko juu ya kigoda chake sasa hivi, anachungulia. Achungulie. Nyuki hawachimbi.