Malalamiko Juu ya Swali «Ulisikia Nini?»

Bunia, mtaa wa Ngezi, Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Doyen wa Kitivo cha Udaktari,

Kwa heshima zote, na viatu nikiwa nimeviacha mlangoni, mimi Orly Katsuva, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, naleta mashtaka juu ya somo jipya la Maandishi ya Tafakari. Mama Profesa Dorothée amenipa alama mbili juu ya ishirini. Zikibaki hivyo narudia mwaka, na mama yangu ameshatangaza kanisani kwamba mimi ni daktari. Nimekasirika, Mheshimiwa, lakini kwa adabu.

1. Kosa ni la swali. Tulipotoka wodi ya watoto Mama Profesa aliniuliza: «Weye Orly, kwa kitanda ya saba ulisikia nini?» Nikaandika kwa uaminifu: jenereta, mvua juu ya bati, mtoto Ketsia wa miaka minne aliyeungua mguu kwa maji ya maharagwe analia, na mkoromo kidogo kwenye pafu la kushoto. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: «Chimba ndani zaidi.» Nikarudi kuchimba. Pafu la kulia halikuwa na kitu. Baadaye ndipo nikaambiwa alitaka ya moyoni, si ya masikioni. Si angesema!

2. Mwenzangu Plamedie amepata kumi na nane kwa kuandika kwamba roho yake ilipasuka. Saa ile Plamedie alikuwa nje ya lango anakula mandazi. Roho iliyopasuka haimezi mandazi matano.

3. Kama machozi yana alama, kipimo kibandikwe ukutani: chozi moja ni alama ngapi, na kamasi inahesabiwa? Kwetu wanaume hawalii hata msibani, wanapasua kuni. Je, kuni zina alama?

4. Kama tafakari inaponya, basi wagonjwa nao waandike, na asiyefikisha kumi asiruhusiwe kutoka hospitali. Sijawahi kusikia kwamba mnyama okapi wa hifadhi ya Epulu aliulizwa alisikia nini alipochomwa sindano.

Kwa hiyo naomba somo lifutwe, na iandikwe wazi kwamba Orly Katsuva hakusikia chochote moyoni, kama inavyompasa daktari.

Unisalimie mama wa nyumbani, watoto, karani wako na mlinzi wa lango. Hata Mama Profesa, lakini kidogo.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Orly Katsuva

N.B. Mtihani wa kesho nitaufanya bila stetoskopu, naomba uniwie radhi. Yangu iko kitanda cha saba. Ketsia hakubali kubadilishwa bandeji mpaka nimtie masikioni asikilize moyo wake, hapo ananyamaza. Ijumaa alitaka kusikiliza wangu. Alisikiliza muda mrefu, akasema: «Tonton, moyo yako iko nakimbia.» Hilo sikuliandika kwenye karatasi, kwa sababu si mimi niliyelisikia.