Ombi la Kurudishiwa Moshi wa Teksi Yangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Injini,

Mheshimiwa,

KUH: MOSHI WANGU MLIOUCHUKUA BILA IDHINI

Baada ya salamu na pole kwa kazi, naomba kujitambulisha. Mimi ni yule dereva wa teksi ya dizeli mliyemwomba gari lake kwa ajili ya utafiti wenu wa mafuta mbadala. Nililikabidhi likiwa hai, linanguruma na kutoa moshi mweusi, kama gari lolote linalojiheshimu. Mmenirudishia likiwa limebadilishwa nozeli za kupulizia mafuta na chujio, na linatumia mafuta mliyotengeneza kutokana na mabaki ya mafuta ya kukaangia viazi mahotelini. Siku ya makabidhiano, mtafiti wenu mwenye miwani alifunika bomba la moshi kwa kitambaa cheupe, akawasha injini, kisha akakitoa kitambaa kikiwa cheupe vilevile. Alifurahi sana. Mimi nilidhani gari limekufa.

Tulikubaliana mtalichunguza gari. Habari ya kuchukua moshi haikuwamo kabisa katika mazungumzo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Moshi ule ulikuwa tangazo langu la biashara. Nikikata kona ya sokoni, mteja aliye mbali alijua nakuja, akakusanya mizigo yake taratibu. Sasa nawatokea watu ghafla. Mwalimu mstaafu ninayempeleka kliniki amenigombeza kwamba namnyatia, na kwamba kwa umri wake hataki tena kunyatiwa.

2. Ulikuwa pia ulinzi wangu. Madereva wa nyuma waliniachia nafasi kubwa, nami niliihesabu kuwa heshima. Siku hizi wananiganda nyuma na kunipigia honi kana kwamba tuko sawa.

3. Harufu. Bomba langu linanukia viazi vya kukaanga. Abiria anapanda ameshiba, tukifika katikati ya safari ana njaa, anaomba ashuke kwenye mgahawa wa kwanza, na safari inaishia hapo. Mbwa wa mtaa mzima wananisindikiza mpaka nyumbani. Nimejaribu kuwaeleza kwamba ni utafiti.

4. Mke wangu alikuwa akiona moshi pale njia panda, anabandika chakula jikoni; nikiingia, kinaiva. Sasa naingia bila taarifa. Juzi nilimkuta yeye na dada yake wako katikati ya sentensi inayonihusu, ambayo kwa heshima yako siwezi kuiandika hapa. Mwanamume anahitaji kutanguliwa na kitu, Mheshimiwa, hata kama ni moshi tu.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mama mkwe wangu alihamia kwa shemeji, mwanawe wa kumzaa, miaka mingi iliyopita, akisema kifua chake hakiwezani na gari langu. Amesikia habari za utafiti wenu. Amefika na masanduku, akasimama nyuma ya bomba, akavuta pumzi ndefu, akatangaza kwamba hewa ya hapa sasa ni safi na kwamba amekuja moja kwa moja. Anakalia kiti changu. Anachagua stesheni kwenye redio yangu. Mimi mwenyewe ananiita dereva. Nampenda, lakini nilimpenda zaidi akiwa kwa shemeji. Nimemwomba shemeji aje amchukue jioni hii, lakini bila moshi nitamzuia kwa kitu gani asirudi kesho?

Kwa hiyo naomba mnirudishie nozeli zangu za zamani na masizi yake yote. Kama mmeshazitupa, nipeni moshi wa gari jingine lolote mlilonalo, mradi uwe mweusi. Nasikia mna jenereta nzuri. La sivyo, nitataka nijibiwe kwa maandishi: mtu akienda hospitali kupimwa homa, daktari ana haki gani ya kuondoka na kikohozi chake?

Natumaini mtalishughulikia ombi hili kabla mama mkwe hajachagua rangi ya chumba. Nisalimie watafiti wote, mlinzi wa getini, na yule mama anayezunguka mahotelini kukusanya mafuta. Mwenye miwani mwambie sina kinyongo naye, ingawa kitambaa kile kiliniumiza.

Ni mimi, ninayefika bila kuonekana,

Dereva wa Teksi

Nyongeza: Shemeji amefika na pikapu yake, moshi umetangulia, yeye akafuata. Mama mkwe ameziba pua na kukataa kupanda. Amesema kama ni kutoka humu, atatoka na mwanawe tu. Shemeji akakimbilia kumfungulia mlango, akaambiwa si yeye. Nikageuka nyuma kuona anasemwa nani. Hapakuwa na mtu. Nimefurahi mpaka naona aibu. Tafadhali msiguse nozeli hata moja, na kama yale mafuta ya viazi bado yapo, niwekeeni, maana anataka nimzungushe mjini na ameshakaa kiti cha mbele.