Nukta ya Kijani ya Seva Kuu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi Waitara amenipa kazi ya kufunga programu ya kuchunga seva kuu ya ofisi yetu ya mifugo. Kila baada ya dakika mbili seva itume salamu kwenye mtambo wa mkoani. Salamu zikikatika, simu ya bosi inapata ujumbe. Ikifika Ijumaa inafanya kazi, anasaini barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Mwaka mzima wa majaribio! Nyumbani Muleba mama ameshawatangazia majirani.
Nywila ya seva aliniandikia kwenye karatasi. Karatasi imefuliwa ndani ya suruali. Kumwomba tena? Itakuwa mara ya tatu. Afadhali nirudi Muleba kwa miguu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Programu nimeifunga kwenye kompyuta yangu ya mezani, nikaipa jina SEVA KUU, iwe inatuma salamu badala ya seva. Kwa muda tu. Kwenye simu ya bosi nukta ya kijani ikawaka: seva ni nzima. Bosi alinisifu mbele ya watu. Boke wa masjala akaniita Injinia. Masikio yaliniwaka moto.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya mnada. Saa tatu asubuhi seva ikafa. Vibali vya kusafirisha ng'ombe havitoki. Nje foleni, kwato, vumbi. Nukta yangu: kijani!
Mzee Nchagwa, mfugaji wa kwanza kwenye foleni, alikuwa ametoka nyumbani na mafahali wake kabla hakujapambazuka. Bosi alimwonyesha simu, akasema mtambo unathibitisha seva ni nzima. Mzee akajibu kwamba basi huo mtambo umwandikie yeye kibali.
Bosi akaamua kosa ni la Jackson, fundi wa mtandao. Jackson alitambaa chini ya meza na shati lake jeupe hadi saa sita, akitafuta waya mbovu. Mimi nilimshikia tochi. Akaniambia asante, ndugu yangu. Ndugu!
Mwishowe aliizima seva, akaiwasha, ikapona. Mnada ulikuwa umekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Barua ilikuwa mezani kwa bosi. Kalamu mkononi. Ndipo Boke akachomoa waya wa kompyuta yangu ili achomeke birika la chai.
Simu ya bosi ikalia: SEVA KUU IMEZIMIKA. Tulikimbia wote chumba cha seva. Taa zote zinawaka. Tukarudi. Chai ikachemka, Boke akanichomekea waya, kompyuta ikawaka, simu ikalia: SEVA KUU IMERUDI.
Jackson akalitazama birika. Akanitazama mimi. Akauliza, kwa upole kabisa, tangu lini seva ya ofisi inazimwa na chai ya Boke.
Nilisema yote. Bosi hakufoka, heri angefoka. Aliuliza tu kwa nini sikuomba nywila tena. Barua ikarudi kwenye droo, miezi mitatu zaidi ya majaribio. Nywila akaniandikia upya, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Jackson hakuniita ndugu.

Jumatatu, 10 Machi
Leo ndiyo siku ya kuifunga programu kwenye seva yenyewe. Karatasi niliiweka mfuko wa shati, si suruali. Nimejirekebisha.
Shati nililifua Jumamosi.
Bosi alipita akauliza kama tayari. Nikasema tayari, shikamoo. Mchana nimekwenda mjini Mugumu nikanunua ekstensheni ya matundu manne. Moja nimempa Boke kwa ajili ya birika, kabisa, liwe lake, asiguse tena waya wa kompyuta yangu.
Nukta ni ya kijani.