Kumi na Viwili Kutoa Vitano

Mwanangu Limbert alipofika mwaka wa tatu wa kitivo cha ualimu, katika mji mzima wa Cochabamba hakubaki mtu mwenye akili ila yeye!

Kufundisha kwa maneno, alitangaza, ni ushamba. Mtoto hafundishwi, mtoto hugundua mwenyewe kwa mikono yake. Hata nyumbani akaacha kujibu maswali. Nikimwuliza, "Limbert, chumvi iko wapi?" ananyanyua kidole kama askofu: "Kwanza tujiulize, mama. Chumvi ingependa kukaa wapi?"

Supu ya karanga tukainywa chapwa.

Ikaja siku ya mtihani wa kufundisha: darasa la tatu, shule iliyo nyuma ya soko letu. Bi Zulema, mkufunzi wake, angekaa nyuma na kalamu. Alama ya kufaulu, hamsini na moja. Akikosa, anarudia mwaka mzima! Nami nilikuwa nimeshawatangazia wauza viazi wenzangu wote kuwa nimezaa mwalimu.

"Watoto watacheza soko," akanieleza. "Kila muuzaji ana viazi kumi na viwili. Anauza vitano, anagundua vilivyobaki. Lete gunia, mama."

"Mwanangu, wale ni watoto wa wachuuzi. Na nyongeza ya mteja je?"

"Mama, wewe uliishia darasa la nne. Niachie mimi."

Nikamwachia. Gunia nikalibeba mimi, maana yeye alivaa suti ya mjomba wake, na suti haibebi viazi. Nikajibanza nyuma mle darasani, nikimwomba Bikira Maria wa Urkupiña.

Soko likafunguliwa. Lo, kelele! "Njoo, mteja wangu! Viazi vya unga, laini kama mkate!" Limbert akatabasamu hadi masikioni.

"Haya, Nayra, umegundua vimebaki vingapi?"

"Sita, mwalimu."

"Hesabu tena."

"Sita! Vitano nimeuza, kimoja nyongeza."

"Enhe... Wilfredo?"

"Vinne. Mteja kanililia, eti ana watoto wengi."

"Yhoselin?"

"Vinane!"

"Vinane? Vipi?"

"Nilihesabu harakaharaka, hakuona."

Mamaa! Mteja wa Yhoselin akadai haki yake, na aliidai kwa kiazi. Kiazi kikapaa, kikamkosa Yhoselin, kikatua kifuani pa suti ya mjomba. Limbert, bingwa wa kugundua, akapiga meza: "Hapa hakuna nyongeza! Tano ni tano!"

Nayra akamtazama kwa huruma. "Bila nyongeza, mwalimu, hutauza. Utaoza!"

Kengele ikalia. Bi Zulema akajumlisha, akarudia kujumlisha.

"Hamsini."

"Hamsini na...?" Sauti ya Limbert ilikuwa ya kifaranga.

"Hamsini. Tano ni tano, si umesema mwenyewe? Basi na hamsini ni hamsini."

Nikaiona suti ikibaki imesimama, mtu akinywea ndani yake.

Ndipo Nayra akaja nyuma, mikono kiunoni, akamkabili Bi Zulema kama muuzaji bahili. "Haya, mama. Na nyongeza yake?"

Bi Zulema hununua viazi kwangu kila Jumamosi, na hajaondoka hata siku moja bila nyongeza. Hakuthubutu kunitazama. Akaguna, akainama, akaandika moja.

Hamsini na moja!

Tulipotoka nje tu, Limbert akavimba upya. "Umeona, mama? Hiyo ndiyo elimu ya vitendo!"

"Nimeona. Gunia langu?"

Lilikuwa jepesi kama kanga. Nikalipekua hadi chini: viazi viwili, kimoja kimebonyea.

"Limbert! Viazi viko wapi?"

Kidole kikapanda. "Kwanza tujiulize, mama..."

"Tusijiulize! Beba gunia!"

Akabeba, suti yake ikiwa mwilini. Kumbe wale watoto walishatutangulia sokoni, maana kabla hatujafika hata kwenye vitunguu, mstari mzima wa wauza viazi ulisimama na kupiga makofi:

"Karibu, Mwalimu Nyongeza!"